Giaboksi ya Oto: Pima Kabla ya Kushusha

Gari limewaka vizuri. Umekanyaga breki, umevuta mkono wa gia hadi D, umeachia, na gari limetulia tu. Moja, mbili, tatu, kisha linaruka mbele kwa kishindo, kondakta anashika mlango. Unapiga simu kwa fundi. Anakuja, anajaribu mwenyewe mara mbili, anashuka akijifuta mikono: “Bosi, giaboksi imekufa hiyo. Tafuta nyingine tu.”

Usiitafute bado.

Mimi niliitafuta. Hiace yangu ilipoanza kuchelewa kushika gia nilinunua giaboksi ya mtumba, ikafungwa, gari likaenda vizuri wiki tatu. Wiki ya nne kishindo kikarudi. Kilichoua giaboksi ya kwanza hakikuwa ndani yake. Ilikuwa rejeta, iliyokuwa ikipenyeza maji kwenye mafuta ya gia, na hakuna aliyeigusa. Nililipia giaboksi mbili kwa kosa la rejeta moja.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari na dereva, si wa fundi bingwa. Mfano wangu ni Hiace ya kizazi cha 200, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, yenye giaboksi ya gia nne ya familia ya A340. Ukiielewa hiyo, utaelewa oto nyingi za magari madogo ya abiria na mizigo. Malori ni habari nyingine. Isuzu Elf yenye Smoother, Canter yenye Duonic, Scania yenye Opticruise na Volvo yenye I-Shift zinajibadilisha gia, lakini ndani zina klachi na gia za mfumo wa giaboksi ya mkono, zinazoendeshwa na kompyuta. Mafuta yake si haya na upimaji wake si huu.

Mafuta ndiyo yanayosukuma gari

Kwenye giaboksi ya mkono, oili inalainisha tu. Kwenye oto inafanya kazi nne, na ukizielewa hutahitaji kukariri mengine.

Kwanza, inabeba nguvu ya injini. Kati ya injini na giaboksi kuna konveta, ambayo ndani yake ni kama feni mbili zinazotazamana katika mafuta: moja inazungushwa na injini, inayarusha mafuta, mafuta yanaizungusha ya pili. Pili, inabana pleti za klachi. Pampu inasukuma mafuta kwenye valvu bodi, solenoidi zinafungua na kufunga njia, na shinikizo linabana seti fulani ya pleti ili upate gia fulani. Tatu, inalainisha. Nne, inabeba joto kulipeleka kwenye kula (kipoza mafuta), ambayo kwa magari mengi imo ndani ya rejeta ya maji.

Sasa fikiria mafuta yamepungua. Gari likipanda mlima, pampu inavuta hewa pamoja na mafuta. Hewa inabanika, mafuta hayabaniki. Pleti zilizopaswa kushikana kwa nguvu zinashikana nusunusu, zinateleza, zinachemka, zinaungua. Unga wake unaziba njia za valvu bodi, na shinikizo linazidi kushuka. Dereva anaona injini inapiga kelele lakini gari haliendi. Safari yote hiyo imeanza na mpira uliolegea unaodondosha matone machache usiku.

Duka la oili: hapa ndipo wengi huangukia

Gereji nyingi huita mafuta haya ya oto, yaani ATF, “haidroliki”. Neno hilo limeua giaboksi nyingi, kwa sababu muuzaji akisikia haidroliki anakupa chochote chekundu alicho nacho, pengine cha kupima kwa kopo. Usiombe haidroliki. Taja jina lililoandikwa kwenye kijiti cha kupimia au kwenye kitabu cha gari.

Kwa Toyota utakutana zaidi na Type T-IV na WS. WS ni nyepesi zaidi na ilikuja baadaye, na moja haichukui nafasi ya nyingine. Magari ya zamani zaidi yalitaja Dexron. Halafu kuna CVT, ambayo haina gia za hatua bali mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili. Noah na Voxy za kizazi cha ZRR70, kuanzia 2007, zina CVT, nazo zinahitaji mafuta ya CVT peke yake. Mkanda ule unashika kwa msuguano. Ukiweka mafuta ya oto ya kawaida unateleza na kuchana puli, na baada ya hapo hakuna ukarabati wa bei nafuu.

> ONYO
> Kopo lisilo na lakiri, lisilo na jina la aina ya mafuta, au lililoandikwa tu “ATF ya magari yote”: liache dukani. Tofauti ya bei ya lita nne haifiki hata nauli ya siku moja utakayopoteza gari likilala.

Kupima kiwango cha mafuta

Kosa la kawaida ni kupima kama unavyopima oili ya injini: asubuhi, gari limezimwa, limepoa. Mafuta ya oto hutanuka yakipata moto, na injini ikizimwa yale yaliyokuwa yakizunguka hurudi chini. Ukipima hivyo utasoma uongo, na ukiufuata uongo huo utapunguza au utazidisha. Mafuta yaliyozidi nayo ni ugonjwa: gia zinayapiga hadi yanatoa povu, na povu ni hewa.

1. Endesha gari kwa mwendo wa kawaida, dakika 15 hadi 20, mafuta yafike joto la kazi, kiasi cha nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi.
2. Simama mahali tambarare kabisa. Vuta breki ya mkono, weka kigingi kwenye tairi.
3. Injini ikiwa inaendelea kuunguruma polepole, kanyaga breki na upitishe mkono wa gia taratibu kutoka P hadi L, kisha urudishe P. Lengo ni kujaza njia zote.
4. Usizime injini. Kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo utainua kiti kwanza. Jihadhari na nguo, nywele na mikanda inayozunguka.
5. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena.
6. Soma upande ulioandikwa HOT. Mafuta yawe kati ya alama mbili za upande huo.
7. Yakipungua, ongeza robo lita kwa robo lita kwa faneli safi, na upime tena kila mara.

Kama gari lako halina kijiti, watengenezaji hawakusahau kukiweka. Giaboksi hizo hupimwa kwa kufungua nati maalumu ya kiwango, gari likiwa limenyanyuliwa likakaa sawa na mafuta yakiwa katika joto linalotajwa na mtengenezaji, huku mashine ikisoma joto hilo. Fundi anayekwambia “hii haipimwi” maana yake hana mashine.

> KISANDUKU: KIJITI KINASEMA NINI
> Nyekundu angavu: mafuta ni mapya.
> Nyekundu iliyofifia au kahawia, bila harufu: yamezeeka, yabadilishwe.
> Meusi, yananuka kama chungu kilichoungulia: pleti zimeungua. Kubadilisha mafuta peke yake hakutaziponya.
> Ya pinki, mazito, kama juisi ya mapera iliyotiwa maziwa: maji yameingia. Zima gari. Livutwe, lisiendeshwe.
> Mapovu: mafuta yamezidi, au yamepungua hadi pampu inavuta hewa.

Hiyo rangi ya mapera ndiyo iliyonikuta mimi. Kula iliyo ndani ya rejeta huliwa na kutu pale ambapo kwa miaka watu wanajaza maji ya bomba au ya kisima badala ya kulanti. Siku inapotoboka, maji yanaingia kwenye giaboksi, na gundi inayoshika nyuzi za pleti haivumilii maji. Kwa hiyo fungua na kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi, uone kama kuna utando wa mafuta juu ya maji. Ukiuona, rejeta inabadilishwa kabla ya kitu kingine chochote.

Jaribio la simu ya mkononi

Kuna kipimo kimoja ambacho vitabu vya ufundi vya Toyota vinakitaja na ambacho hakihitaji kifaa zaidi ya saa ya simu. Gari likiwa na joto la kazi, breki zote mbili zimeshikwa, hamisha kutoka N kwenda D, ukihesabu muda hadi uhisi gia imeshika. Isizidi sekunde 1.2. Kisha N kwenda R: isizidi sekunde 1.5. Rudia mara tatu, ukipumzisha dakika moja kati ya jaribio na jaribio, uchukue wastani.

D ikichelewa peke yake, tatizo liko kwenye klachi ya mbele au njia yake. R ikichelewa peke yake, tafuta upande wa kurudi nyuma. Zote mbili zikichelewa, fikiria kwanza kitu kinachozihudumia zote: kiwango cha mafuta, filta iliyoziba, pampu. Mwambie fundi matokeo haya kwa namba. Utaona anavyobadilisha namna ya kuzungumza nawe.

Lipo jaribio jingine, la kukanyaga breki na akseleta kwa pamoja hadi mwisho katika D. Usilifanye. Likifanywa na fundi, lisizidi sekunde 5, kwa sababu nguvu yote ya injini wakati huo inageuka joto ndani ya konveta.

Kubadilisha mafuta na filta

Kwa gari la abiria au mizigo, mimi hubadilisha kila kilomita 40,000. Utasikia kwamba mafuta fulani “ni ya maisha”. Swali ni maisha ya nani; gari lililopangiwa barabara za Japani halikupangiwa foleni ya Mbagala saa nane mchana na abiria kumi na wanane.

Andaa: mafuta sahihi, filta, gasketi ya sampu (bakuli la chini ya giaboksi), stendi mbili, beseni, ndoo yenye alama za lita, na dawa ya kusafishia breki.

1. Pasha gari moto kidogo tu, mafuta yawe ya vuguvugu. Mafuta ya nyuzi 80 yanababua ngozi.
2. Nyanyua gari kwa jeki, kisha likalishe kwenye stendi. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Na P si breki: weka vigingi.
3. Fungua nati ya kumwagia. Pima kilichotoka, uandike. Utahitaji namba hiyo.
4. Legeza boliti za sampu, ukianzia upande mmoja ili iinamie upande huo. Bado ina mafuta.
5. Angalia sumaku zilizo ndani ya sampu, na sampu yenyewe, kabla hujazifuta. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vyeusi kama karatasi ni ngozi ya pleti. Chembe za rangi ya dhahabu ni bushi. Chuma unachoweza kukishika kwa vidole ni habari mbaya.
6. Badilisha filta. Hakikisha gasketi au oringi ya zamani haikubaki imegandia juu. Ikibaki, pampu itavuta hewa na utalaumu filta mpya.
7. Safisha sampu na sumaku, rudisha sumaku mahali pake, weka gasketi mpya. Usitumie silikoni. Uzi wake ukikatika unaishia kwenye valvu bodi.
8. Kaza boliti za sampu kwa mzunguko, kidogokidogo. Kipimo chake kwa A340 ni kiasi cha Nm 7 tu, nguvu ya kiganja, si ya bega. Mwili wa giaboksi ni aluminiamu. Uzi wake ukiharibika, kazi ya saa mbili inakuwa ya siku mbili.
9. Mimina kiasi kilekile ulichopima katika hatua ya 3. Washa, pitisha gia zote, pasha moto, upime kama ilivyoelezwa juu.

Kumwaga hivyo hakutoi mafuta yote. Mengi yamebaki kwenye konveta na kula. Kama kila umwagaji unatoa theluthi moja, ukirudia mara tatu, kwa wiki moja moja, ya zamani yatabaki chini ya theluthi. Kwa gari ambalo halijawahi kubadilishwa kwa miaka, njia hii ya pole ndiyo ninayoiamini kuliko mashine inayosukuma yote kwa mara moja na kuamsha uchafu uliolala. Na kama tayari linateleza na mafuta ni meusi, mwambie mwenye gari ukweli kabla hujafungua nati: hali inaweza isibadilike, na wewe ndiye utakayesemwa kuwa umeliua.

Mafuta machafu yasimwagwe kwenye mtaro. Yarudishe kwenye makopo uliyomaliza, uyapeleke kwa wanaokusanya oili chafu.

Umeme kabla ya spana

Oto inafuata amri za kompyuta. Betri dhaifu, plagi yenye kutu au waya uliokatwa na panya vinaweza kuleta kishindo kilekile cha giaboksi iliyochoka. Kwenye Hiace nyingi, taa ya O/D OFF ikipepesa yenyewe bila wewe kubonyeza kitufe, kompyuta imekamata kosa na imelihifadhi. Lisomwe kwa mashine. Kodi ya P0700 peke yake inasema tu kwamba kuna kosa upande wa gia. Tafuta ya pili yake. Zinazoanzia P0750 huhusu solenoidi za kubadilisha gia, P0715 na P0720 ni sensa za mwendo, P0741 ni kufunga kwa konveta.

Kodi haisemi “nunua solenoidi”. Inasema mzunguko huo una shida. Mzunguko una plagi, waya na solenoidi, na plagi ndiyo ya bei ya chini kuliko vyote.

> MPANGILIO WA KUTAFUTA KOSA
> ☐ Kiwango, rangi na harufu ya mafuta
> ☐ Maji ya rejeta: kuna utando wa mafuta?
> ☐ Mipira ya kula na klampu zake
> ☐ Betri, plagi, waya, kodi za kompyuta
> ☐ Kebo ya mkono wa gia, mauntingi za injini na giaboksi
> ☐ Filta na sampu
> ☐ Solenoidi, kisha valvu bodi (kwa magari mengi unafika hapa bila kushusha giaboksi)
> ☐ Ndipo kushusha

Ikibidi kununua nyingine

Ukienda Shauri Moyo pale Ilala, au Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, usinunue kwa kutazama rangi ya nje. Linganisha namba ya aina, hesabu pini za plagi, na omba ifunguliwe sampu mbele yako. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakataa. Nusa. Chukua na konveta yake, na dhamana iandikwe kwenye risiti kwa siku, si kwa “tutaongea”.

Siku ya kufunga, simamia mambo mawili. La kwanza, kula na mipira yake isafishwe, au ibadilishwe kabisa, la sivyo unga wa giaboksi ya zamani unaingia kwenye mpya siku hiyohiyo. La pili, konveta ikae sawasawa kwenye pampu kabla giaboksi haijaunganishwa na injini. Inazama kwa hatua, huku fundi anaizungusha na kuisukuma. Giaboksi igusane na injini pande zote kwa mkono mtupu, na konveta iendelee kuzunguka kwa uhuru. Fundi akianza kuvuta pengo kwa kukaza boliti, mzuie. Kinachovunjika hapo ni pampu.

Barabarani

Kwenye mlima kama Kitonga au ule wa Mai Mahiu, gari lililojaa likiachwa D tupu litacheza kati ya gia ya tatu na ya nne, na kila mchezo ni joto. Bonyeza O/D OFF, gia ya nne ifungwe. Pakiwa pakali zaidi, weka 2. Kushuka vilevile, ili injini isaidie breki. Kuweka N kwenye mteremko kwa kuokoa mafuta ni hasara ya pande mbili: huna injini ya kukushikilia, na unaporudisha D kwa kasi pleti zinapokea pigo lote.

Oto haiwashwi kwa kusukumwa, maana pampu yake inazungushwa na injini. Injini ikiwa imelala hakuna shinikizo la kubana gia yoyote. Kwa sababu hiyohiyo, usilivute gari la oto na tairi zinazosukumwa na giaboksi zikiwa chini. Ndani vyuma vinazunguka bila kulainishwa. Hiace ivutwe nyuma ikiwa hewani, au propela ifunguliwe, au ibebwe.

Ukimaliza huduma, chukua kipande cha plasta, andika kwa kalamu isiyofutika tarehe, kilomita, aina ya mafuta na lita zilizoingia. Kibandike chini ya kiti cha mbele, pale fundi atakapokiinua kutafuta kijiti.